Kabla hujaanza kumtafuta bibi wa Uskoti wa karne ya 19 kwenye kumbukumbu za zamani

Anza na jina lake la kwao. Huko Uskoti mwanamke aliyeolewa hakupoteza jina la baba yake mbele ya sheria, na katika kumbukumbu za vifo anaweza kupatikana kwa jina la ukoo wake na kwa jina la mume pia. Kumtafuta kwa jina la mume tu ni kujifungia mlango. Weka tayari pia namna zote alizoweza kuitwa: Janet huyohuyo ni Jessie au Jean, Euphemia ni Effie, Margaret ni Peggy. Jina la ukoo linaloanza kwa Mc litafute pia kwa Mac.

Halafu shika mwaka 1855. Tarehe 1 Januari mwaka huo ndipo serikali ilipoanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kwa lazima. Kabla ya hapo unategemea vitabu vya kanisa, na vingi vina mapengo. Vyeti vya 1855 vyenyewe ni hazina, kwa sababu viliuliza mambo mengi mno, kiasi kwamba mwaka uliofuata maswali yakapunguzwa. Kama mtu wako, au hata ndugu yake mmoja, ana tukio la mwaka huo, lifuate kwanza.

Ushauri wangu: tafuta kifo kabla ya kuzaliwa. Cheti cha kifo cha Uskoti humtaja baba na kazi yake, na mama pamoja na jina lake la kwao. Mwanamke aliyezaliwa 1785 akafariki 1860 anaweza kukupeleka hadi kwa wazazi walioishi karne ya 18, kwa karatasi moja. Ila shusha macho hadi sehemu ya mtoa taarifa. Mtoto wake akitaja majina ya bibi na babu, hayo yana uzito. Jirani aliyeweka alama ya X kwa kutojua kuandika huenda alitaja alichowahi kusikia tu, basi kitafutie ushahidi wa pili.

Jua pia alisali wapi, maana kila kanisa liliweka vitabu vyake. Mwaka 1843 Kanisa la Uskoti liligawanyika, na karibu theluthi ya wachungaji wake wakatoka kuunda Kanisa Huru; yalikuwapo na madhehebu mengine. Mchukue Mary Slessor, mmisionari wa Calabar (Nigeria ya leo), aliyezaliwa Aberdeen Desemba 1848. Cheti cha serikali cha kuzaliwa hakuna, na kwa kuwa mama yake alikuwa muumini wa United Presbyterian, dhehebu lililokuwa nje ya Kanisa la Uskoti, kuishia kwenye vitabu vya Kanisa la Uskoti hakutoshi.

Sensa zilifanyika kila miaka kumi tangu 1841 zikiwa na majina. Ile ya kwanza isome kwa tahadhari: umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi namba ya chini inayogawanyika kwa tano, hivyo "30" inaweza kuwa 34, na uhusiano wa waliolala nyumba moja haukuandikwa.

Upande wa gharama, kwenye ScotlandsPeople, tovuti rasmi ya serikali, kutafuta kwenye faharasa ni bure, na unalipia kuiona picha ya kumbukumbu. Kwa hiyo panga kwanza karatasini nani ni nani, ulipie baadaye.

Jiandae na moyo pia. Mabaraza ya wazee wa kanisa yaliwaita wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa na kuwahoji mmoja mmoja, na majibu yao yakaandikwa. Yasome kwa heshima. Yule alikuwa binti wa watu, na pengine hakuwa na wa kumtetea. Na kila cheti cha kuzaliwa utakacholipia, kitazame hadi pembeni. Maandishi madogo pale yanaweza kukuelekeza kwenye daftari la masahihisho, na humo ndimo mara nyingine hutajwa baba aliyemkana mtoto hadi mahakama ikaamua.