Somo: Kioo cha simu kinaguswa, hakikandamizwi

Asalaam alaykum wanakikundi.

Somo hili nililiahidi baada ya kumuona mama mmoja wa Tumbe, mkulima wa mwani, akikikandamiza kioo cha simu mpaka ukucha ukageuka mweupe. Mbele yake ilikuwepo picha ya mjukuu aliyezaliwa Unguja, ndogo kama stempu, na yeye alitaka kuuona uso. Alidhani simu mbovu. Simu ilikuwa nzima. Hakuna aliyewahi kumuelezea kioo kinataka nini. Liliniuma, kwa sababu wanawe wote wanatumia simu kama hiyo hiyo.

Kitochi kinataka nguvu, kitufe lazima kizame. Kioo cha tachi hakipimi nguvu. Ndani yake mna wavu wa njia nyembamba za umeme usioonekana kwa macho, na mwili wa binadamu nao hupitisha umeme. Kidole kinapogusa, chaji ya pale mahali hubadilika kidogo, na simu ikajua umegusa wapi. Ndiyo maana ncha ya ukucha au kalamu ya plastiki haifanyi kitu hata ukandamize mpaka kesho. Njia hii si ya jana: Mwingereza E. A. Johnson aliiandikia mwaka 1965, akiwafikiria waongozaji wa ndege.

Hatua ya 1: Kausha mkono. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, kwa hiyo tone moja kioo huweza kulidhania kidole. Futa kidole na kioo kwa upindo wa kanga. Na kama vidole vimefanya sugu kwa kamba na mambo (vijiti) ya mwani, ngozi kavu haisikiki vizuri: pumulia ncha ya kidole, au tumia ubavu wake penye ngozi laini.

Hatua ya 2: Gusa, kisha inua. Hapa naomba mtulie, maana ndipo watu wanapopoteza pesa. Vitufe vingi vya kwenye kioo havitekelezi amri pale unapogusa. Hutekeleza pale kidole kinapoinuka. Basi ukigusa "Thibitisha" kwa bahati mbaya, usishtuke ukaondoa mkono. Kiwache kidole palepale juu ya kioo, kiburute taratibu mpaka nje ya kile kitufe, halafu ndio uinue. Mara nyingi hapatokei kitu. Jizoezeni kwanza kwa kitufe kisicho na madhara, kama cha kikokotoo, mpaka mkono uzoee. Ila msilitegemee kwenye tarakimu za namba ya siri. Baadhi ya programu huzipokea mara tu unapogusa.

Hatua ya 3: Gusa na ushikilie. Karibu nusu sekunde inatosha. Ukishikilia ujumbe, utapata nafasi ya kuunakili au kuufuta. Wenye mkono mzito wakitaka kugusa hujikuta wameshikilia. Dawa ipo: fungua Mipangilio, ingia sehemu ya ufikivu (Accessibility), tafuta muda wa kushikilia, uuongeze.

Hatua ya 4: Telezesha. Wengi huteleza upande usio. Fikiria unavuta mkeka: kidole kimeushika ukurasa wenyewe. Ukitaka kuona ya chini, usukume juu.

Na wale walionunua simu mpya wakaniambia "vile vitufe vitatu vya chini vimepotea": havijapotea. Tangu Android 10, ya mwaka 2019, simu nyingi hutumia ishara badala yake. Telezesha kutoka ukingo wa chini kwenda juu, unarudi mwanzo. Ukifika katikati ukasita, utaona programu zote ulizozifungua. Kutoka ukingo wa kulia au wa kushoto kuelekea ndani, unarudi nyuma. Anayevitaka vitufe vyake anaweza kuvirudisha kwenye Mipangilio, wala si aibu.

Hatua ya 5: Vidole viwili. Weka kidole gumba na cha shahada vikiwa vimekaribiana, kisha vitanue. Picha inakua. Vibane, inarudi. Jifunzieni kwenye ramani: anzeni na Pemba nzima, tanueni mpaka muione Chake Chake, kisha burutani mwende magharibi baharini mpaka mkikute kisiwa cha Misali. Ukizungusha vidole ramani nayo inazunguka. Gusa alama ya dira, kaskazini itarudi juu.

Kwenye laptopu ni ndugu moja: vidole viwili hupandisha na kushusha ukurasa, na vitatu kwenda juu, kwenye Windows 10 na 11, huonesha madirisha yote yaliyo wazi.

MASWALI

Mwanachama, Wete: Maalim, nimetia hina na piko kwa ajili ya harusi. Simu itanikataa?

Rangi iliyokwisha kuingia kwenye ngozi haizuii kitu, dada. Hina yenyewe ikiwa bado imeganda kidoleni ndiyo inayoweza kuweka kizuizi. Subiri uibandue.

Mwanachama, Mkoani: Simu yangu nikiichaji inajigusa yenyewe, inaandika herufi zake. Imeingiwa na virusi?

Chomoa chaja kwanza. Ikitulia, basi tatizo ni chaja. Chaja duni hupeleka umeme wenye vurugu, na kioo kinachohisi umeme huchanganyikiwa. Tafuta chaja nzuri kabla hujampelekea fundi.

Mwanachama, Konde: Mwanangu, baba yenu haoni kabisa. Ishara zote hizi zamfaa nini?

Shikamoo bibi. Zamfaa sana. Simu za Android zina TalkBack, inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye kioo, na sauti ya Google ya Kiswahili ipo. Ikishawashwa, ishara zinabadilika, na lazima aliye naye alijue hilo asije akadhani simu imeharibika: kugusa mara moja ni kusikiliza tu. Kutelezesha kidole kulia ni kwenda kwenye kitu kinachofuata, kushoto ni kurudi. Kufungua ni kugonga mara mbili, popote kwenye kioo, hana haja ya kulenga. Kupandisha ukurasa ni kwa vidole viwili. Mpeni baba siku mbili za kutelezesha tu bila kufungua chochote, asikie vitu vyake vilivyopangwa. Siku ya tatu aanze kugonga, na simu ya kwanza awapigie nyinyi.