Motisha ya watumishi wa afya: jinsi ya kuipanga bila kuharibu huduma

Kabla ya kutangaza bonasi yoyote, chukua rejista za kituo za miezi 3 iliyopita uhesabu hali ilivyo. Bila hesabu hiyo ya mwanzo hutajua kama kuna kilichobadilika, na ubishi utaanza siku ya malipo ya kwanza.

Chagua viashiria 6 hadi 10, visizidi. Kila kimoja kiwe na hesabu ya juu (waliopata huduma) na ya chini (wote waliostahili kuipata). "Kuboresha huduma za uzazi" si kiashiria. Kiashiria ni hiki: kati ya wote waliojifungua kituoni mwezi huu, wangapi walichomwa oksitosini (dawa ya kuzuia mama kutoka damu nyingi) yuniti 10 ndani ya dakika 1 baada ya mtoto kuzaliwa, na muda ukaandikwa? Usilipe kwa wingi wa dawa zilizouzwa, vipimo au upasuaji. Ukilipa kwa upasuaji, utaupata hata kwa mama asiyeuhitaji.

Lengo baya hupotosha hata watu wema. Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliweka lengo la mgonjwa kumwona daktari ndani ya saa 48. Baadhi ya vituo vikaacha kupokea miadi ya zaidi ya siku mbili mbele. Takwimu zikapendeza, lakini aliyetaka kurudi wiki ijayo kupimwa tena presha akakosa nafasi. Kwa hiyo, kila kiashiria kikipendekezwa, waulize watumishi wenyewe: mtu akitaka kukifikia bila kumsaidia mgonjwa, atafanyaje? Wanajua, na wakiulizwa kwa heshima watasema.

Uhakiki ndio moyo wa kazi yote, na usifanywe na mtu atakayepata malipo hayo. Mhakiki ahesabu upya rejista na kulinganisha na ripoti: ripoti ikisema waliojifungua ni 30 na rejista ina 24, imezidishwa kwa 25%. Weka kikomo mapema, mfano 10%. Kikivukwa, kiashiria hicho hakilipwi robo hiyo ya mwaka. Kisha achague majina 20 au 30 kwa bahati nasibu, awatafute wagonjwa na kuwauliza kama kweli walihudumiwa. Rejista iliyojazwa siku moja kwa wino na mwandiko uleule huonekana mapema.

Alama za ubora zizidishe fungu lote la bonasi. Tuseme fungu la robo ni 600, na wodi imepata alama za ubora 75%: kinachogawiwa ni 450. Mgao uende kwa pointi, yaani uzito wa kazi mara siku zilizofanywa. Muuguzi (uzito 3, siku 60) ana pointi 180. Karani wa kumbukumbu (uzito 2, siku 60) ana 120. Mfanya usafi aliyeajiriwa katikati ya robo (uzito 2, siku 30) ana 60. Jumla ni 360, pointi moja ni 1.25, hivyo wanapata 225, 150 na 75. Bandika hesabu hii ukutani. Na usimwache nje mfanya usafi: chumba cha kujifungulia kichafu huleta maambukizi hata muuguzi awe hodari namna gani.

Lipa ndani ya siku 30 baada ya robo kwisha. Malipo yakichelewa miezi 5, mtu hayaunganishi tena na alichokifanya, na imani ikishapotea hairudi kwa barua ya kuomba radhi. Kama fedha hazina uhakika, anza na fungu dogo linalolipika. Pia hakikisha dawa na vifaa vipo: ni dhuluma kumkata mtumishi alama kwa sindano ambayo stoo haikuwa nayo.

Fuatilia na yale usiyoyalipia, kwa sababu huko ndiko uzembe huhamia. Kiashiria kikikaa juu ya 95% kwa robo mbili mfululizo, kiondoe kwenye malipo, endelea kukihesabu, na nafasi yake ipe huduma iliyobaki nyuma.