Kuchagua Aina ya Viza kwa Chuo Kikuu cha Marekani
Kabla ya kujaza fomu yoyote ya ubalozi, soma kwanza hati uliyotumiwa na chuo, kwa kuwa ndiyo inayoamua viza utakayoomba. Mwanafunzi wa shahada aliyepewa fomu ya I-20 huomba F-1. Mtafiti au mhadhiri mgeni mwenye fomu ya DS-2019 huomba J-1, viza ya programu za kubadilishana, ambayo hutolewa pia kwa baadhi ya wanafunzi wanaofadhiliwa.

J-1 ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Kagua kama kifungu cha 212(e) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani kinakuhusu, maana kikikuhusu utalazimika kuishi nchini kwako kwa jumla ya miaka 2 kabla ya kupata H-1B (viza ya kazi ya kitaalamu) au ukaazi wa kudumu, isipokuwa umepewa msamaha. Wapo wanaoligundua sharti hili wakiwa wameshaahidiwa kazi.

H-1B huombwa na mwajiri, si mwajiriwa, na mara ya kwanza hutolewa kwa muda usiozidi miaka 3.

Waombaji wa F-1 na J-1 walipe ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kumbukumbu za wanafunzi na wageni wa kubadilishana) kabla ya usaili wa ubalozini, kisha walinganishe jina lililo kwenye pasipoti na lililo kwenye fomu, herufi kwa herufi.