Shupaza tatu au pasi? Hesabu turufu kwanza

Nimecheza briji, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, miaka 11, na makosa yangu mengi hayakutokea katika kutupa karata bali mnadani, tunaposhindana kuahidi tutakula mikono mingapi (mkono ni mzunguko wa karata nne), hasa pale sisi tunapong'ang'ania shupaza na wao kopa. (Majina haya tuliachiwa na Wareno, na turufu pia.)

Chukua mnada huu. Wa kulia anafungua kopa moja, wewe shupaza moja, wa kushoto kopa mbili, mwenzako shupaza mbili, wa kulia kopa tatu. Zamu imekurudia. Hakuna upande ulio hatarini, yaani ambao adhabu yake ni kubwa zaidi. Unapanda shupaza tatu, yaani unaahidi mikono tisa shupaza ikiwa turufu (kopa tatu nayo ni tisa), au unasema pasi?

Zamani ningehesabu pointi za karata kubwa. Siku hizi nahesabu shupaza. Mwenzangu ameniunga mkono, basi nampa tatu. Nikiwa na tano tunazo nane. Nikiwa na sita, tisa. Mfaransa Jean-René Vernes alionyesha miaka ya 1960 kwamba mikono tutakayokula kwa turufu yetu, ukijumlisha na watakayokula wao kwa turufu yao, hukaribiana na idadi ya turufu za pande zote mbili. Hukaribiana tu, lakini inatosha.

Tuseme wao wana kopa nane. Kwa nane zetu, jumla ni 16. Kama wao wanaweza kula mikono tisa, wanapata alama 140. Sisi tungekula saba, tupungukiwe miwili, tulipe 100, au 300 wakitupiga dabo, yaani wakitangaza kwamba hatutimizi ili adhabu ipande. Kama wanaweza minane tu, kopa tatu inawashinda na 50 ni zetu bure. Tukipanda, sisi ndio tunaolipa hiyo 50. Pasi.

Kwa tisa zetu, jumla ni 17. Wao wakiweza tisa, sisi tunaweza minane: tunalipa 50, au 100 kwa dabo, kuliko kuwaachia 140. Wao wakiweza minane, sisi tunaweza tisa, na 140 inakuja kwetu. Panda bila kusita. Ila mkiwa hatarini fikiri tena, maana kupungukiwa mmoja kwa dabo ni 200.

Angalia pia picha zako ziko wapi. Malkia na ghulamu wa kopa mkononi mwako wanaweza kukulia mkono ikiwa turufu ni kopa yao. Wewe ukicheza shupaza, hawana kazi. Hapo punguza mkono mmoja kwenye jumla, na uelekee pasi.

Mnada ukiisha, kabla sijaziona karata za mwenzangu, naandika daftarini mnada wote na shupaza nilizodhani tunazo. Nikishaona matokeo, akili huanza kujitetea. Mwezi jana nilipanda tatu nikiwa na shupaza tano, wapinzani wakaanza na pau, rangi iliyonifaa mimi, nikatimiza. Mwenzangu akanipa mkono, meza ikacheka. Daftarini imeandikwa: kosa.