Osha donge kabla ya kununua gunia

Ukitaka kujua kama aina fulani ya ngano inafaa kwa mkate, usiamini weupe wa unga. Pima unga gramu 100, ukande kwa maji mililita 60 hivi, kisha liache donge ndani ya maji dakika 30. Baadaye liminye polepole kwenye bakuli, ukibadilisha maji hadi yasitoke meupe. Wanga umeondoka, kinachobaki, chenye kuvutika kama mpira, ni gluteni, yaani protini ya ngano inayoshikilia hewa mkate ukiumuka. Ikamue, ipime. Ikifika gramu 30, mkate una nafasi nzuri ya kuumuka; ikiwa 20 tu, hiyo ni ya biskuti. Ivute pia, maana ikikatika upesi uzito haukusaidii. Ngano iliyonyeshewa ikachipua shambani iache kabisa, hata gluteni ikiwa nyingi: mkate wake hunata ndani.