Ukienda Mkunazini na watoto, ile sanamu ya watumwa itazameni hivi

Kwanza msikimbilie sanamu. Anzeni na uwanja. Hapo lilipo kanisa la Anglikana, Mkunazini, ndipo palipokuwa na soko la watumwa la Unguja, likafungwa 1873 Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na mwaka huohuo wamisheni wakaanza kujenga kanisa. Sasa hapa watoto wengi wanachanganya, wanadhani soko kufungwa ndio utumwa kuisha. Haukuisha bwana! Watu walibaki kwenye mashamba ya mikarafuu miaka mingine mingi, mpaka 1897 ndio sheria ikaacha kuutambua, na hata hapo kutoka ilikuwa kwa taabu. Waambieni hilo kabla hamjasogea popote.

Halafu nendeni kwenye shimo lenye ile sanamu. Waambie mapema kwamba walichokuja kukiona kimetengenezwa 1998 na msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, yaani si kitu cha kale, wazazi wao wengi wanakizidi umri. Ule mnyororo waliofungwa shingoni ndio unaosemwa kuwa ni wa enzi zile kweli. Kwa hiyo kuna chuma cha zamani kwenye shingo za watu waliochongwa juzi, na mimi naona kazi yote imelala hapo, mtu wa leo kachukua kipande cha kale akaamua akiweke wapi. Muulize mtoto, kwa nini shingoni? Kwa nini shimoni? Waache wanyamaze kidogo wafikirie, usiwajibie. Mwishowe mmoja atagundua kwamba wale watu 5 wako chini na sisi tuko juu tunawaangalia, tumesimama pale ambapo angesimama mnunuzi. Akilisema mtoto mwenyewe halitamtoka tena.

Simu ziwe mfukoni mpaka kila mtu amalize kutazama sura zote, moja moja.

Baada ya hapo uliza kitu gani hakipo. Majina hayapo. Kwao hakupo, huwezi kujua huyu ni Myao au katokea Manyema. Muuzaji hayupo, mnunuzi hayupo, mwenye shamba hayupo, na hilo ni la kuzungumza maana hapa kisiwani wajukuu wa pande zote wanaishi mtaa mmoja na wengine ni damu moja, kwa hiyo ongea kwa adabu lakini usikwepe.

Mkishuka kwenye vile vyumba vya chini kwenye jengo la jirani mtaambiwa watumwa walirundikwa humo. Kuna wanahistoria wanaopinga, wanasema jengo ni la wamisheni na lilijengwa soko likiwa limeshafungwa. Mimi nasema waambie watoto yote mawili. Mateso yalikuwepo kweli, hayahitaji chumba kisicho chake ili tuyaamini, na mtoto akizoea kuuliza hiki ni cha lini, nani kasema, atakuwa na faida nacho popote atakapokwenda.

Mkirudi darasani waonyesheni kazi ya msanii Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar wa 1954 aliyekulia Uingereza na kushinda tuzo ya sanaa ya Turner 2017. Mwaka 2004 alitengeneza watu 100 wa mbao, urefu wa mtu kabisa, wamepakwa rangi za kupendeza, ni Waafrika waliotumikishwa kwenye majumba ya wakubwa wa Ulaya, wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, na kila mmoja ana jina lake la kweli na lile alilopachikwa na bwana wake. Ziwekeni picha mbili hizo pamoja, ya Mkunazini na hii. Moja imewanyima majina ili uhisi walichonyang'anywa, nyingine imewarudishia. Mimi sisemi ipi bora, zote nazipenda, ila mjadala wake huwa mtamu sana hata kwa watoto wa darasa la sita.

Kisha kila mtoto achore mtu mmoja tu, ampe jina, kwao, kazi aliyokuwa akiijua kabla hajakamatwa, na chini ya karatasi aandike wazi kwamba huyu nimemtunga. Hiyo sentensi msiiache. Na tafadhali sana walimu, msiwafunge watoto kamba shingoni eti waigize msafara wa watumwa, kwenye maonyesho ya shule wala popote, kuna watoto ambao koo zao zinajulikana mtaani kuwa zilitokana na watumwa, na wenzao watawaita watumwa mpaka wamalize shule.