Venice hatua kwa hatua: kutoka stesheni mpaka mlango wa nyumba uliyopanga

Viza ya Schengen unayo, tiketi ya ndege unayo. Hapo ndipo mwongozo huu unapoanzia. Ndugu na marafiki ninaowasaidia kupanga safari ya Venice hawakwami kwenye makumbusho wala migahawa. Hukwama kwenye kuipata nyumba, usiku, mizigo mkononi.

1. Lala mjini

Mestre, upande wa bara, ni nafuu, na treni mpaka stesheni ya Santa Lucia huchukua kama dakika kumi. Hata hivyo, lala visiwani walau usiku mmoja. Jioni wageni wa kutwa wakishaondoka, vichochoro vinapitika.

2. Ada ya kuingia

Tangu 2024, kwenye siku zinazotangazwa, mgeni wa kutwa hulipa ada. Anayelala hotelini halipi, ila hujisajili mtandaoni kupata msimbo wa msamaha. Fanya hivyo kabla ya kusafiri.

3. Anwani

Hapa usiwe na haraka. Mji una mitaa mikuu sita, sestieri: San Marco, Castello, Cannaregio, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce. Namba za nyumba hazianzi upya kila uchochoro. Huanza na 1, zikazunguka mtaa mzima. Castello zinapita 6000. Kwa hiyo ukipewa "Castello" na namba tu, hujui uende wapi, na milango miwili inayotazamana inaweza kuachana kwa mamia. Jina la uchochoro peke yake nalo halitoshi, maana Calle del Forno ziko kadhaa.

Mwombe mwenyeji haya yote kwa maandishi: sestiere na namba, jina la uchochoro (calle) au njia ya kando ya mfereji (fondamenta), kituo cha boti kilicho karibu, kanisa au uwanja (campo) wa jirani, na daraja la mwisho kabla ya kufika. Picha ya mlango pia. Akikuambia "simu itakuonyesha", usikubali. Kuta zimebanana, alama yako kwenye ramani huruka ng'ambo ya mfereji, na unaweza kupelekwa kwenye calle inayoishia majini.

Pakua ramani mapema, lakini fuata vibao vya njano ukutani: Per Rialto (kuelekea daraja la Rialto), Per S. Marco (kuelekea uwanja wa San Marco), Ferrovia (stesheni ya treni). Ukikuta kibao kinaonyesha kushoto na kulia kwa mahali pamoja, njia zote mbili zinafika. Ukifika kwenye campo uliyotajiwa, weka simu mfukoni, soma namba zilizoandikwa juu ya milango. Ukipotea, fanya kama Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako huulizi namba ya nyumba, unauliza msikiti. Huku uliza kanisa.

Ukiweza, fika mchana.

4. Mzigo

Begi la mgongoni. Madaraja ni zaidi ya 400 na mengi yana ngazi.

5. Boti

Boti za abiria huitwa vaporetto. Tiketi moja, dakika 75, ni euro 9.50, kwa hiyo ukipanga kwenda visiwa vya Murano na Burano nunua ya siku nzima, euro 25. Gusisha tiketi kwenye mashine kabla ya kupanda, kwani kuwa nayo mfukoni hakutoshi na faini ipo. Angalia pia gati: vituo vikubwa vina magati kadhaa, kila moja na upande wake. Kwa mara ya kwanza panda namba 1, inayosimama karibu kila kituo cha Mfereji Mkuu. Ni ya polepole, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

6. Gondola

Bei rasmi ya mchana ni euro 90 kwa nusu saa. Mimi ningepanda traghetto ya Santa Sofia: gondola ya kuvusha watu Mfereji Mkuu, wenye madaraja manne tu, kwa euro 2. Vuka asubuhi, kwani ng'ambo ni soko la samaki la Rialto. Jumapili na Jumatatu soko hilo hufungwa.